Wanajua Jina la Dawa, Hawajui Hesabu ya Siku

Maneno haya yalisemwa na mkunga mstaafu mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa skuli moja ya sekondari, Wilaya ya Wete, Pemba. Yameandikwa kama yalivyosemwa, yakapunguzwa marudio tu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana sheha, mwalimu mkuu, maustadhi mlioitikia wito, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliojibanza kule nyuma ukutani, nashukuru kwa kuitwa. Nimepewa nusu saa. Nikipitiliza mnivumilie, maana jambo hili la mimba za wasichana wetu nimelibeba tangu nikizalisha, nimestaafu nalo, na bado halijanitoka kifuani.

Mnaliona hili kasha? Ni la viatu. Wiki mbili zilizopita niliomba liwekwe katika maktaba ya skuli, likatobolewa juu kwa kisu, na wanafunzi wakaambiwa waandike swali lolote kuhusu miili yao, bila jina. Mwalimu mmoja wa kike aliniambia, "Bibi, ukipata karatasi tano ushukuru." Jana nilipokuja kulichukua, kifuniko kilikuwa kimeinuka. Nimekaa juu ya mkeka baada ya isha mpaka usiku mkubwa nikizifungua moja moja. Nyengine zimekunjwa mpaka zimekuwa kama punje ya karafuu. Moja, nadhani, imeandikwa kwa mkono wa kushoto ili hati isijulikane.

Nitawasomea chache.

"Mara ya kwanza mtu hashiki mimba, ni kweli?" Hili limekuja mara nyingi kuliko yote, kwa hati tofauti. Si kweli, mwanangu. Yai likiwa limeshatoka haliulizi hii ni mara ya ngapi.

"Mtu akirukaruka baadaye au akijiosha, inatoka?" Haitoki. Mbegu za mwanamme zinaogelea zenyewe, na katika dakika chache baadhi yake zimeshauvuka mlango wa kizazi, pahala ambapo maji yako hayafiki.

"Mimi sijaona siku zangu bado, kwa hiyo sina hofu?" Hili lilinifanya niiweke karatasi chini kwanza. Yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza. Damu ni ya baadaye, kiasi cha wiki mbili, pale yai linapokuwa halikupata kitu. Kwa hiyo msichana anaweza kuchukua mimba na hajapata kuona hedhi hata siku moja. Mama zangu mnaosema "huyu bado mdogo, hata hajavunja ungo", nisikieni hapo.

Na hili: "Bibi, nimemeza vidonge vya dharura mara tatu mwezi huu. Nitazaa kweli?"

Huyu nitamjibu mbele kidogo. Kwanza mtazameni. Anajua jina la dawa. Anajua duka linalouza, anajua bei, anajua na saa ambayo dukani hakuna mtu anayemjua. Asichokijua ni kwamba dawa ile inafanya nini ndani ya mwili wake, na mwezi ule alikuwa akikinga siku ipi. Hilo ndilo lililonileta leo. Watoto wetu majina wanayo. Waulizeni njia za kuzuia mimba watakutajieni kondomu, sindano, kijiti, vidonge, kitanzi, bila kusita. Kisha waulizeni mwanamke anashika mimba siku gani za mwezi. Watatazamana. Mmoja atajibu, "Akiwa hedhini." Wanajua jina la dawa, hawajui hesabu ya siku. Dawa ina muuzaji, na muuzaji anaitangaza. Hesabu ya siku haiuzwi, kwa hiyo hakuna aliyewapitishia mlangoni.

Wala msidhani nawasema kwa kujiona. Mimi nilikuwa mjinga kuliko hawa.

Nilipovunja ungo bibi yangu alinikabidhi kwa somo, mwanamke anayepewa kazi ya kumfunda mwari. Wazee mliopo mnamjua somo ni nani. Nyinyi watoto pengine neno hili mnalisikia harusini tu. Somo wangu alinifundisha kukunja vitambaa, kuvifua na kuvianika chini ya kanga visionekane, kukoga na kutia nia. Akamaliza kwa neno moja: "Sasa umekuwa. Mwanamme akikugusa, mimba." Haikupita muda nikawa napanda gari ya Konde, ile ya mbao, imejaa, na kijana mmoja aliyekuwa juu akanipa mkono ili nisianguke. Niliushika. Mwezi mzima baadaye nililala nikijibonyeza tumbo kila usiku, nikilia chini ya shuka, nikimwomba Mungu anisamehe kwa mkono ule.

Somo wangu simlaumu, Mungu amrehemu. Alinipa alichopewa, na alichonifundisha cha tohara, yaani usafi wa ibada, nakitumia mpaka leo. Tena alikuwa na kitu ambacho siku hizi hatuna: alikuwapo. Alikuwa mtu mmoja, anayejulikana, aliyepewa kazi ile kwa jina lake. Hata Bi Kidude, ambaye wengi walimjua kwa taarabu mpaka alipofariki mwaka 2013, alikuwa pia mtu wa unyago, mwenye ngoma yake na mafunzo yake kwa wari. Leo binti wa hapa akivunja ungo nani anapewa kazi hiyo? Mama anadhani mwalimu atasema. Mwalimu anadhani mama keshasema. Shangazi yuko Muscat. Simu ndiyo iliyopo, mkononi, usiku kucha.

Sasa niseme na maustadhi. Nyinyi mnasingiziwa kwamba dini haitaki mambo haya yatajwe. Mimi hedhi niliisoma chuoni kabla sijaisoma kwenye ukunga. Uchache wake usiku na mchana, aghlabu yake siku 6 au 7, wingi wake siku 15, na uchache wa tohara baina ya hedhi mbili siku 15. Tuliyaimba hayo tukiwa wadogo, wavulana na wasichana, kwa sauti, na hakuna mzee aliyesema tumeharibika. Bi Ummu Sulaym alimwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akaanza kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kwa lililo haki, kisha akauliza juu ya mwanamke anayeota ndoto ya kujamiiana. Aliuliza la mwilini mwake, akajibiwa.

Kwa hiyo binti wa miaka 13 hapa Pemba hesabu anayo tayari. Anahesabu siku zake kwa ajili ya sala, na anahesabu siku za Ramadhani anazodaiwa kulipa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia katikati ya hesabu ile kunapita nini. Nilikuwa nikiwaonesha kwa tasbihi, na leo nimekuja nayo.

Punje ya kwanza ni siku ya kwanza ya damu. Vuteni punje moja kwa kila siku mpaka damu nyengine ianze. Kwa mwanamke mzima wastani ni kiasi cha 28, lakini 21 ni sawa na 35 ni sawa. Yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayokuja. Sikieni vizuri: kabla ya inayokuja, wala si baada ya iliyopita. Yai likitoka linaishi kiasi cha siku moja. Lakini mbegu za mwanamme zinaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5 zikilisubiri. Kwa hiyo hatari haianzi siku ya yai, inaanza siku tano nyuma yake.

Hapo ndipo wasichana wananiambia, "Basi bibi, si tutahesabu tu tujue siku salama?" Hapana, na sababu ni hii. Katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mwili bado unajipanga. Mwezi huu siku 24, mwezi ujao 40, mwezi wa tatu hakuna kitu. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hedhi inayokuja, na hiyo inayokuja hujui lini itafika, unapimia ukuta ambao haujajengwa. Nawafundisha hesabu ili waujue mwili wao, na ili wajue mapema siku zilipopita bila damu. Kinga si hiyo.

Mtoto wa vidonge vya dharura, sasa nakujibu. Dawa ile kazi yake ni kulichelewesha yai lisitoke. Yai likiwa limeshatoka, haina la kufanya. Mimba ikiwa imeshaingia, haiitoi wala haiidhuru. Inatakiwa imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapungua nguvu. Kizazi haikiui, utazaa, inshallah. Lakini ukiimeza kila wiki siku zako zinavurugika, mpaka hata hesabu niliyokufundisha sasa hivi huwezi kuifuata. Imewekwa kwa dharura, na haikukingi na ukimwi wala maradhi mengine. Na kama kila mara unaihitaji kwa sababu kuna mtu anakulazimisha, hilo dawa haliponyi. Hilo njoo tulizungumze peke yetu.

Sasa hatari yenyewe. Hapa sitakwenda haraka.

Usiku mmoja wa masika, miaka mingi iliyopita, waliletwa watu kwa gari ya mizigo. Binti amelazwa nyuma juu ya mkeka, amefunikwa turubai kwa ajili ya mvua. Nilipofunua nilipokewa na harufu ya ubani. Pembeni ya midomo yake kulikuwa na rangi ya zafarani, wamemnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Ulimi umeumwa, damu imekauka kidevuni. Mama yake akaniambia, "Kapandwa na shetani tangu magharibi. Anatupwa, anatulia, anatupwa tena." Alikuwa na miaka 16, anasoma. Nilipotaka kumsikiliza tumbo nikakuta kanga imefungwa juu ya kanga, fundo limekazwa hata vidole havipiti. Nikaomba mkasi. Nilipoikata ile kanga ya ndani, tumbo likajitokeza mbele ya macho yetu sote. Miezi saba. Mama yake akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

Presha ilikuwa juu mno. Kile walichokiita shetani ni kifafa cha mimba. Tulimpa sindano za kuzuia degedege na za kushusha presha, na alfajiri akazaa. Mtoto hakufika kilo moja na nusu. Aliishi mpaka adhuhuri. Binti akabaki hai, alhamdulillahi, na leo ni mama wa watoto wawili. Lakini neno la mama yake sijalisahau: "Nilimuona anakula udongo, nikampa dawa ya minyoo."

Mama yule hakuwa mzembe. Aliona, akatafuta dawa, akatafuta kombe, akatafuta gari usiku wa mvua. Alikosa elimu ya kukiunganisha alichokiona.

Shirika la Afya Duniani linasema wasichana wa miaka 10 hadi 19 wanapokuwa na mimba wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa cha mimba, homa ya uzazi na maambukizi mwilini kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Watoto wao nao huzaliwa zaidi wakiwa njiti au na uzito mdogo. Kuumwa na kichwa kusikosikia dawa, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: mkiyaona haya kwa mwenye mimba iliyopita miezi mitano, msingoje asubuhi. Someni dua mkiwa ndani ya gari.

Kuna na nyonga. Mifupa ya nyonga ya msichana inaendelea kupanuka hata baada ya kimo kusimama. Kichwa cha mtoto kikikwama pale siku moja, siku mbili, nyama iliyobanwa inakufa, na pakifa panatoboka. Ndiyo fistula. Mkojo unamtoka msichana bila kujijua, mumewe anamhama, yeye mwenyewe anaacha kwenda harusini na msibani. Fistula inatibika kwa upasuaji, na kumtibu ni bora zaidi kuliko kumficha chumba cha uani miaka kumi kama nilivyowahi kukuta.

Na damu. Wasichana wetu wengi wanaingia kwenye mimba wakiwa na upungufu wa damu tayari, kwa sababu ya kukua, hedhi na chakula. Ukipoteza damu kidogo wakati wa kujifungua nawe ulikuwa huna akiba, ndiyo kidogo hicho kinachoua.

Baba mmoja atasema, "Wa kwangu hana shida, nimemuozesha." Baba yangu, nisamehe, lakini nyonga haisomi cheti cha ndoa. Wengi niliowazalisha wakiwa na miaka 16 na 17 walikuwa ndoani, wametolewa mahari, wamepigiwa na ngoma. Presha iliwapanda vile vile. Tena hawa ndio waliokuja tena kwangu kabla mtoto wa mwanzo hajatimiza mwaka, kwa kuwa kila mtu nyumbani anangoja na hakuna anayemuuliza mwenyewe kama amepona. Wataalamu wanashauri ipite angalau miaka miwili baada ya kuzaa ndipo ichukuliwe mimba nyengine, na Qur'ani katika Suratul Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Sahaba Jabir amesimulia kwamba wao walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, na huku Qur'ani inateremka. Kupanga uzazi ndani ya ndoa si jambo lililokuja na meli jana.

Njia nitazitaja kwa ufupi, maana kituoni mtaelezwa vizuri na hazitozwi pesa katika vituo vya serikali. Vidonge vya kila siku vinataka nidhamu, ukisahau siku mbili umeshajiweka pabaya. Sindano ya miezi mitatu. Kijiti kinawekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, kinakaa miaka mitatu au mitano kwa kutegemea aina, na hakisafiri kwenda moyoni kama mlivyoandika humu. Kitanzi kinawekwa kwenye kizazi, nacho ni cha miaka mingi. Kondomu ndiyo peke yake katika hizi inayozuia mimba na maradhi pamoja, moja, si mbili kwa wakati mmoja, kwani zinasuguana zikachanika. Kuna karatasi nne zimeuliza kama sindano inafunga kizazi. Haifungi. Ukiiacha, mwili huchukua miezi kadhaa kurudi, wakati mwengine karibu mwaka, na katika miezi hiyo ndipo mtu anapokwenda kumwambia jirani kwamba ameharibiwa. Kijiti kikitolewa uzazi hurudi upesi. Hakuna kati ya hizi niliyoiona imemnyima mtu mtoto baada ya kuiacha.

Mwaka 2015-16 ulifanywa utafiti mkubwa wa afya nchini. Wanawake walioolewa wa Zanzibar waliokuwa wakitumia njia za kisasa walikuwa 14 katika 100. Sasa mama ambaye yeye mwenyewe sindano ameisikia kwa jirani atamfundisha nini binti yake? Kwa hiyo tunaanza na sisi. Utafiti huo huo uliona wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kushika mimba Tanzania nzima ni 27 katika 100, na huku kwetu 8. Tukajipongeza. Lakini pitisheni nane hiyo katika darasa lenye wasichana 40. Ni watatu. Kila mwalimu hapa ukimuuliza atawajua watatu wake.

Nakuja kwa wavulana, na msijifiche, nimewaona. Kuna karatasi inauliza, "Kama yeye mwenyewe alikubali, mimi nina kosa gani?" Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imesema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Ridhaa ya mtoto haihesabiki. Kesi ile inaitwa kubaka hata kama alikuja kwa miguu yake. Na aliyefanyiwa udhalilishaji asikogeshwe, asibadilishwe nguo, apelekwe Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwahudumia waliodhalilishwa, kipo hospitali ya Chake Chake, ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia ukimwi na za kuzuia mimba zinataka muda huo. Wazee, hapa muhali, huku kuoneana haya, ndio unaotuua. Aliyemuharibu mtoto ni mtoto wa mjomba, basi yaishe kifamilia, zitolewe pesa, wazee wasalimiane. Mtoto hakuulizwa. Mimi nimewaona wasichana hao wakija kujifungua, na aliyewaletea gari ni mtu yule yule. Siwezi kulisema hili kwa upole.

Najua mnalonisubiria. "Ukiwafundisha, unawafungulia mlango." Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, na najua linatoka kwenye mapenzi. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipokusanya tafiti za nchi nyingi na kutoa mwongozo wake wa mwaka 2018, ilieleza kwamba elimu hii haiwafanyi vijana kuanza mambo hayo zaidi. Lakini waacheni UNESCO. Niamini mimi niliyekaa chumba cha kuzalishia. Katika miaka yangu yote sikupata hata msichana mmoja aliyeniambia, "Nilifundishwa sana ndiyo maana nimefika hapa." Walikuwa wakiniambia, "Sikujua." Zinaa ni haramu, nawaambia na hawa watoto kila nikikutana nao, na kujizuia ndiyo kinga kamili kuliko zote. Hilo silipunguzi hata herufi. Lakini mtoto anaambiwa asizini na haelezwi mimba inaingiaje, halafu anakuja mtu mzima kumwambia "hii si zinaa, hii hivi tu, huwezi kupata kitu", naye hana cha kumpimia.

Kuna na hofu ya zamani. Wanawake wa rika langu mnakumbuka. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1985 ambayo mwanamke asiyeolewa akishika mimba alikuwa anaweza kufungwa jela. Mwaka 2005 ilifutwa, ikaja nyengine iliyoondosha kifungo. Lakini kanga zile mbili zilizofungwa juu ya tumbo, nadhani zilitoka huko. Tulijifunza kuficha, tukawarithisha mabinti kuficha bila kuwaambia sababu. Leo binti akificha anapoteza miezi ya kliniki, ile ya kupimwa presha na damu na kupewa vidonge vya madini ya chuma. Mwengine anaona bora aitoe kichochoroni kwa mitishamba, na huko tunazika. Akitokwa na damu, mlete. Kituoni kazi yetu ni kumtibu, na atatibiwa. Na akijifungua, arudi skuli. Zanzibar mlango huo ulikuwa wazi hata kabla ya Bara, ambako waliruhusu mwezi Novemba 2021. Walimu, ahsanteni kwa wale mliowapokea bila kuwapa jina la utani.

Imebaki karatasi moja. Ni ile niliyosema imeandikwa kwa mkono wa kushoto. Haiulizi siku wala dawa. Imeandikwa: "Nikimwambia mama atanifukuza. Nimwambie nani?"

Niliirudisha kashani, nikaitoa tena, nikairudisha. Siwezi kumjibu mimi, kwa sababu jibu analo mmoja wenu hapa mbele, na mimi simjui ni nani. Kwa hiyo nawaomba mama wote, usiku wa leo, mkimaliza kuosha vyombo, mumuite binti pembeni na mumwambie kwa maneno haya haya: "Likikufika lolote, uje kwangu kwanza. Nitakasirika, lakini sitakufukuza." Hiyo "nitakasirika" msiitoe. Mtoto anakujua, ukimwambia hutakasirika, na la pili hataliamini. Na nyinyi akina baba mkiwa barazani mkasikia sauti za chini huko ndani, msiulize wanazungumza nini. Kaeni hapo hapo barazani.

Mwenye hati ile yumo humu ndani, na simtafuti. Mimi nitakuwa maktaba mpaka adhana ya alasiri, na kesho nitarudi. Mlango wa nyuma, ule wa upande wa minazi, nimeuomba uachwe wazi. Kutoka uwanjani hauonekani.